Kitanda Kilichogeuzwa

Majaliwa alijulikana mtaani Sharpstown kwa ukimya wake. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mchungaji akitafuta mtu wa kufunga kwa sala, Majaliwa aliinama kukaza kamba za viatu, hata siku alizovaa viatu visivyo na kamba. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, akasoma hadi darasa la sita, vita vikamtoa, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na minane, na mwisho ndege ikamshusha Houston, Marekani, na mkewe Esperance na binti yao Merveille. Mama yake alibaki kambini kwa sababu jina lake halikuwamo kwenye orodha. Miaka miwili baadaye mama huyo alifariki, na Majaliwa akayaangalia mazishi kwenye simu, picha ikikatikakatika, uso wa mama yake akauona nusu tu.

Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Ofisi ilimpa jina na namba ya nyumba, naye akaenda. Ndivyo alivyofika kwa Miss Icilda.

Miss Icilda alikuwa Mjamaika wa miaka themanini na moja, mjane, mwembamba kama ufito, aliyepika miaka thelathini katika jiko la shule. Alikaa nyumba ya chini katika fleti za matofali ya kahawia, chumba kimoja cha kulala na sebule, na hapo alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza Majaliwa aligonga, akaingia, akasalimu kwa adabu aliyofundishwa.

"Habari za asubuhi, mama."

"Mama yako yuko wapi?"

"Alifariki."

"Pole sana. Lakini mimi sikukuzaa. Mimi ni Miss Icilda. Na mtu akiingia nyumba ya watu anafuta miguu. Au huko kwenu nyumba hazina milango?"

Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza cha kila mmoja kilikuwa na nundu zake. Mwezi wa kwanza walisikilizana nusu kwa nusu. Mwezi wa pili Miss Icilda alishaanza kumwita "Majali", na kumtania kwamba anatembea kama kuku aliyelowa mvua. Mwezi wa tatu alimfundisha kupika uji wa kwao: unga wa mahindi, tui la nazi, mdalasini, kungumanga ya kukwangua, na maziwa mazito ya kopo yanamiminwa mwishoni.

"Usikoroge kama unachanganya saruji, Majali. Uji una masikio."

"Sisi kwetu unga huu tunausonga mpaka unasimama."

"Na mnakula na nini?"

"Na sombe. Majani ya muhogo."

Miss Icilda aliweka kijiko chini. "Majani? Sisi muhogo tunakula wa chini, mzizi, tunachoma mkate. Majani tunatupa."

"Mnatupa chakula."

"Na nyinyi mnakula takataka," alisema, akacheka mpaka akakohoa, na Majaliwa akampigapiga mgongoni huku naye akicheka, jambo ambalo hata Esperance hakuliona mara nyingi.

Kwenye uji ndipo hadithi zilipotokea. Miss Icilda alikulia kwa bibi yake mzaa mama huko Jamaika, wilaya ya St. Elizabeth, kwenye udongo mwekundu unaong'ang'ania nguo nyeupe. Mama yake alipanda meli kwenda Uingereza yeye akiwa na miaka saba, akaahidi kumtumia nauli. Bibi akabaki na wajukuu watano. Jumamosi wasichana walisugua vioo vya taa za mafuta kwa gazeti mpaka ving'ae, na supu ya Jumamosi ilichemka na kila kitu kilichobaki shambani. Jumapili nguo zilipigwa wanga mpaka zinasimama zenyewe kama mtu. Wiki ya mwisho ya likizo bibi aliwapanga mstari, akawanywesha mafuta ya nyonyo kusafisha tumbo kabla ya shule, kila mmoja na kipande chake cha chungwa mkononi, na anayetapika anaanza upya. Nyuma ya mlango kulikuwa na fimbo ya mkwaju.

"Nilikuwa nalala na bibi, mimi tu," alisema. "Wengine walilala chini. Mimi nilikuwa mdogo, halafu nilikuwa sina mama. Kitanda cha chuma, kichwa kimeelekea dirishani. Mpaka leo silali isipokuwa kichwa changu kiko dirishani."

Kweli, kitanda chake kilielekea dirishani. Palikuwa mbali na choo, hatua kumi na moja za mzee gizani. Majaliwa alizihesabu.

Jambo moja Miss Icilda alilitaka, na alilisema wazi kwa kila aliyemtembelea. Alitaka kufia chumbani mwake. "Humu niliingia kwa miguu," alikuwa akisema, "nitatoka nimebebwa." Binti yake wa pekee, Marcia, alikaa Arlington, karibu na Dallas, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari kwenda kaskazini. Marcia alikuwa mwanamke wa haraka, msimamizi wa ofisi ya meno, mwenye watoto watatu. Alikuwa ameshatafuta nyumba ya wazee karibu na kwake, amekwisha kuitembelea na kuipenda. Ila mama yake alikataa, naye akasema, "Sawa, mama. Lakini siku utakayoanguka, basi."

Mwezi wa nne Miss Icilda akaanguka akienda choo. Hakuvunjika, lakini alilala sakafuni mpaka Majaliwa alipofika asubuhi. Gari la wagonjwa likamchukua. Daktari akasema anaweza kurudi nyumbani kama nyumba itakuwa salama. Marcia akampigia Majaliwa simu.

"Bwana Majaliwa, mama anakuamini wewe kuliko mimi. Nampa nafasi moja, ya mwisho. Kukitokea jambo lolote, lolote lile, nakuja kumchukua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Mgeni ni kipofu, walisema wahenga, na huyu alikuwa kipofu mwenye juhudi. Siku zote Miss Icilda alizokaa hospitali, Majaliwa alifanya kazi katika chumba kile. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Alikisukuma kitanda kutoka dirishani, akakigeuza, akakiweka kando ya mlango wa choo, ili mzee akishusha miguu tu ashike kitasa. Godoro lilikuwa limebonyea upande mmoja, akalipindua. Akahamisha kabati. Kwenye zulia miguu minne ya kitanda ilikuwa imeacha mashimo manne ya miaka kumi na tisa. Alikumbuka ujanja aliofundishwa na mwanamke mmoja wa kusafisha mahoteli: akatandika kitambaa chenye maji, akapitisha pasi ya moto, akachana nyuzi kwa kitana, na mashimo yakainuka yakapotea. Akapaka rangi ukuta uliokuwa na ukungu. Kioo kikubwa cha mbao, alichokuja nacho Miss Icilda kutoka Jamaika, akakifunika kwa shuka jeupe kisirukiwe na rangi.

Alikuwa na furaha kazini, naye si mtu wa furaha nyingi. Kwa mama yake hakuweza hata kutupa konzi ya udongo. Kwa huyu aliweza kufanya kitu.

Siku ya kurudi ilipojulikana, alimwambia Esperance, na Esperance akawaambia wamama wa kanisa. Kwa Wakongo mgonjwa hakaribishwi nyumbani na kuta. Wakaja watu kumi na wawili mchana wa Jumanne. Esperance alikuwa amekaanga samaki bakuli zima, mwingine akaleta mikate, mwingine chupa ya kahawa. Wakajaa sebuleni, wamama kwenye kochi, wanaume wamesimama, na waliposikia gari likiegeshwa wakaanza kuimba tenzi ya shukrani, taratibu, kwa sauti nne, kama wanavyojua wao.

Majaliwa alimshika Miss Icilda mkono, fremu yake ya kutembelea mbele. Mlangoni mzee akasimama. Aliwaangalia wale watu wamevaa nadhifu, wakiimba. Akaangalia meza, samaki wa kukaanga, mikate, kahawa. Akapita katikati yao mpaka mlango wa chumbani, akausukuma kwa fremu.

Alisimama pale, macho yakizunguka kutoka kitandani hadi kwenye kioo kilichofunikwa. Majaliwa nyuma yake alikuwa anangoja asifiwe.

"Leo siku ya ngapi tangu nianguke?" Miss Icilda aliuliza.

"Ya tisa."

"Ya tisa," alisema. "Na nani kageuza kitanda?"

"Mimi, Miss Icilda. Ili usianguke tena."

Mzee aligeuka, akapita tena katikati ya waimbaji, akatoka nje, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na ngazi, juani, joto la Houston likimwagika juu ya kichwa chake. Tenzi ikafa kipande kwa kipande. Esperance akatoka na sahani.

"Kula kidogo, mama yetu. Samaki bado wa moto."

"Aliyeagwa hali," alisema Miss Icilda.

Wageni waliondoka mmoja mmoja, wakinong'ona kwamba dawa za hospitali humchanganya mtu. Esperance akaenda zamu yake ya ghalani. Majaliwa akabaki amechuchumaa kando ya kile kiti, jasho likimtiririka, mpaka mzee alipoamua kusema.

"Bibi yangu alikufa nikiwa na miaka tisa," alisema. "Kwetu mtu akifa watu wanakaa usiku tisa. Wanaimba nyimbo za kanisa, wanakaanga samaki, wanakata mikate, wanakunywa kahawa na pombe. Vioo vinafunikwa. Usiku wa tisa marehemu anapita nyumbani kwake mara ya mwisho. Kwa hiyo watu wanageuza chumba. Kitanda kinahamishwa, godoro linapinduliwa, kabati linasogezwa, ili akija asikitambue chumba, aone si kwake tena, aende zake. Akikitambua atabaki, na maiti anayebaki anasumbua walio hai. Umenisikia, Majali?"

Majaliwa alisikia. Akavihesabu kimoyomoyo: kitanda, godoro, kabati, kioo.

"Mimi nilitaka abaki," Miss Icilda aliendelea. "Nilikuwa sina mtu mwingine. Mama Uingereza hajatuma nauli, na hakuituma mpaka akafa. Asubuhi ya kumi, watu wazima wamelala, niliweka mgongo kwenye kile kitanda cha chuma nikakisukuma mpaka dirishani. Peke yangu. Nikapindua godoro, nusu likaniangukia. Nikalala upande wangu, upande wake nikauacha wazi. Shangazi akanikuta hapo. Akanichapa fimbo ya mkwaju mpaka nikajikojolea, akakigeuza tena, na mimi nikahamishiwa jikoni. Na bibi hakuja, Majali. Nilingoja miaka. Kikishageuzwa kimegeuzwa. Kurudisha hakurudishi."

"Miss Icilda, nitarudisha sasa hivi. Dakika kumi tu."

"Najua sijafa. Mimi si mjinga. Lakini nyumba imeniaga, kwa nyimbo na samaki, siku ya tisa, mimi mwenyewe nikiona kwa macho. Sasa niingie nilale wapi?"

Alikirudisha hata hivyo. Alisukuma kitanda, akapindua godoro, akafunua kioo, akarudisha kabati. Lakini mashimo kwenye zulia alikuwa ameyafuta mwenyewe kwa pasi, na hakujua tena miguu ilikaa wapi hasa. Akakisogeza huku, akakisogeza kule. Miss Icilda alikuja mlangoni akatazama, akasema, "Si hapo," akarudi kochini.

Siku tano alilala kochini. Hakuingia chumbani hata kuchukua kitambaa chake cha kichwa. Uji alionja kijiko kimoja, akasukuma bakuli. Uso ukaingia ndani. Majaliwa akaketi naye muda mrefu kuliko zamu yake, akimsihi, akimtania.

"Uji leo una masikio, Miss Icilda. Sikiliza."

"Yaambie yasikilize kwingine."

Siku ya sita Marcia alitokea bila kupiga simu. Jirani alikuwa amemwambia. Aliingia na miwani ya jua kichwani na funguo mkononi, akamwona mama yake amekunjika kochini kama shati.

"Mama, unalala hapa kwa nini?"

"Nimeshaagwa, Marcia. Wameimba, wamenikaangia samaki. Kitanda kimegeuzwa."

Marcia akaenda chumbani. Majaliwa alisikia viatu vyake vikisimama katikati ya zulia. Akarudi.

"Mama, kitanda kiko palepale. Dirishani, kama siku zote."

"Kiligeuzwa siku ya tisa. Kioo kikafunikwa."

"Kioo hakina kitu, mama." Marcia aliivua miwani kichwani. Alikuwa Mjamaika naye. Alizijua siku tisa, alijua kitanda kugeuzwa maana yake nini. Alichosikia yeye ni mama yake akisimulia matanga yake mwenyewe. Akamgeukia Majaliwa. "Bwana Majaliwa, wewe ndiye uliyekuwa hapa. Kuna mtu aligusa kitanda?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa machache, na Kiingereza chake kiliyatosha kabisa. Mimi nilikigeuza, sikujua. Lakini alimwona Marcia na funguo zake, akaona ofisi ikipigiwa simu, akajiona amesimama mbele ya watu akieleza, yeye ambaye hajawahi kufunga kwa sala. Na alikwisha kukirudisha kitanda kwa mikono yake, ushahidi haupo. Akatazama viatu vyake.

"Kiko palepale," alisema.

Miss Icilda alimwangalia. Hakukasirika. Alimwangalia kama mtu anayesoma barua fupi.

"Haya, Majali," alisema. "Haya."

Tangu hapo hakubishana tena. Marcia alilia jikoni, akapiga simu mbili, akapanga nguo kwenye sanduku. Mama yake alitoka mlangoni kwa miguu yake, ameshika fremu, akapandishwa kwenye gari na kufungwa mkanda. Alikuwa amesema atatoka amebebwa.

Ofisi ilimpa Majaliwa kazi nyingine, mzee wa Kivietinamu aliyelala kutwa. Nyumbani alikuwa hali chakula. Usiku wa tatu Esperance alimkabili.

"Baba Merveille, una nini?"

Akamweleza yote. Esperance akasema, "Samaki nilikaanga mie."

"Hukujua."

"Na weye hukujua ulipogeuza. Lakini ulipoulizwa ulijua." Alimwekea simu magotini. "Mupigie huyo mwanamke leo."

Hakupiga leo, hakupiga kesho. Jumapili ya pili alimwamsha Esperance alfajiri, wakapika uji wa tui, wakautia kwenye chupa ya chai, wakashika barabara ya Dallas. Merveille, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikaa nyuma na simu yake. Karibu na mji wa Corsicana aliinua kichwa, akauliza kwa Kiingereza kama kawaida yake, "Tunakwenda kumwona nani?" Baba yake akajibu kwa Kiswahili, "Mtu niliyesema uongo juu yake." Mtoto akarudi kwenye simu.

Nyumba ya wazee ya Arlington ilikuwa safi, ina harufu ya sabuni na chakula cha mvuke. Kwa sababu ya maneno ya kitanda na matanga, Miss Icilda alikuwa amewekwa upande wa waliopotewa na akili, nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa namba. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amegeuzwa kwenye televisheni. Kitanda chake kilielekea ukutani.

Esperance alimnywesha uji. Alikunywa vijiko vinne.

"Nani kapika?"

"Mimi," alisema Majaliwa.

"Umeukoroga sana." Kisha akamshika kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa vyepesi kama vya ndege. "Umemwambia Marcia?"

"Bado."

"Mwambie nikiwa hai, Majali. Asije akafikiri alizaliwa na mwendawazimu. Wananiongelesha hapa kama mtoto. Mwambie, anitoe upande huu tu. Hata nyumbani sitaki tena."

"Nitampigia kesho."

"Kesho," alisema mzee, akaitazama televisheni.

Jumatatu Majaliwa alifungua jina la Marcia kwenye simu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi mno. Mara ya pili alikuwa amekaa ndani ya gari kwenye maegesho, akajaribu kusema sentensi kwa sauti peke yake, ikatoka vibaya. Mara ya tatu alibonyeza, ikaita mara mbili, akakata. Jumanne alisema Jumatano. Alhamisi mchana simu ililia yenyewe, na jina lilikuwa la Marcia. Miss Icilda alikuwa amefariki kwenye kiti, baada ya chakula cha asubuhi, hakuna aliyejua saa hasa.

Siku tisa zilikaliwa Sharpstown, kwa sababu wanawake wa Kijamaika aliosali nao walikuwa huko, na fleti yake ilikuwa haijarudishwa kwa mwenye nyumba bado. Jioni ya tisa maegesho yalijaa magari. Nje, chini ya taa, wanaume wanne waligonga dhumna mezani kwa nguvu kana kwamba meza ina deni lao, wakitukanana kwa mapenzi. Ndani kulikuwa na samaki wa kukaanga, mikate na kahawa, na tenzi ikiimbwa kwa sauti ndefu. Majaliwa alisimama mlangoni, Esperance nyuma yake. Kilikuwa kitu kilekile. Hata sahani zilipangwa vilevile.

Marcia alimjia. Alikuwa amekonda, miwani haipo.

"Ahsante kwa kuja, Bwana Majaliwa. Wewe una nguvu. Kina mama hawa wazee, nami mgongo unaniuma. Njoo unisaidie kugeuza chumba."

Akamfuata. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha. Marcia alifunika kioo kwa shuka jeupe, akaangalia huku na huku mikono kiunoni.

"Kitanda tukipeleke wapi?" alijiuliza. "Pale. Karibu na mlango wa choo." Akatikisa kichwa. "Ona. Angekuwa analala pale tangu mwanzo, asingeanguka. Kwa nini hakuna aliyefikiria?"

Majaliwa alikuwa ameshashika upande wa miguuni. Chuma kilikuwa baridi mkononi. Aliona kwamba akisukuma sasa, bila neno, jambo litakwisha. Huyu mwanamke ataendelea kuamini mama yake alikufa amerukwa na akili, na yeye atakwenda nyumbani.

"Mimi nilifikiria," alisema.

"Nini?"

"Alipokuwa hospitali. Nilikigeuza, nikakiweka palepale unaposema. Godoro nililipindua. Kioo nilikifunika kwa ajili ya rangi. Na watu wa kanisa langu walikuja kumpokea, wakaimba, na mke wangu alikaanga samaki. Ilikuwa siku ya tisa. Hatukujua. Mama yako hakurukwa na akili. Kila alichokwambia alikiona."

Sebuleni tenzi ilimaliza ubeti, ikaanza mwingine. Marcia aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Akisikia."

"Akisikia."

"Nilimweka nyuma ya mlango wa namba," alisema Marcia. Hakupaza sauti. "Alinishika shati akasema, mimi si mwendawazimu, Marcia. Nikampigapiga mgongoni. Nikamwambia, ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Majaliwa alingoja atukanwe. Angeshukuru kutukanwa. Mwanamke mmoja mzee alichungulia mlangoni, leso nyeupe kichwani.

"Marcia, mwanangu, fanyeni upesi. Mama yako yuko njiani."

Marcia aliinuka. Alijifuta uso kwa kiganja, akazunguka upande wa kichwani, akashika chuma.

"Tukikiacha hapa?" aliuliza Majaliwa, taratibu. "Akikuta kiko hapa, ajue—"

"Ajue nini?"

Majaliwa alitazama dirishani.

"Shika upande wako," alisema Marcia.

Wakasukuma. Kitanda kilipiga kelele kwenye zulia, kikageuka, kikaenda mpaka mlango wa choo. Wakapindua godoro, yeye huku na Marcia kule, bila kutazamana. Kisha Marcia akazima taa, akatoka, akaenda kuimba na wenzake.

Majaliwa alibaki kidogo. Mwanga wa maegesho uliingia dirishani, ukalala juu ya zulia pale kitanda kilipokuwa. Alipiga magoti, akapapasa kwa mkono akitafuta alama. Pasi ilikuwa imefanya kazi yake. Palikuwa laini, kama mahali ambapo hapajawahi kulala mtu.